Neno "Muujiza"



Asubuhi hii nataka tulitazame neno moja tulitumialo sana: muujiza. Matatu ikifika Machakos salama, twasema ni muujiza. Mtu akilipa deni lake, muujiza! (Huyo wa deni, kwa kweli, mara nyingine nami husadiki.)

Neno hili tulilipata katika Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kushindwa au kukosa nguvu. Katika mzizi huo huo limetoka neno ajizi, ule ulegevu tunaoambiwa kuwa ni nyumba ya njaa. Tena limetoka ajuza, mwanamke mkongwe ambaye nguvu zimemwisha. Muujiza basi ni jambo limshindalo mwanadamu, akabaki hana la kufanya. Ajabu ni neno jingine, la kustaajabu tu. Jogoo mwenye miguu mitatu ni ajabu, au kioja, lakini si muujiza.

Mkumbukeni Sara. Alikuwa ajuza hasa, wa miaka 90, naye Ibrahimu miaka 100, alipozaliwa Isaka. Aliposikia ahadi alicheka ndani ya hema. Mimi simlaumu, aliujua mwili wake. Naye Yohana, aandikapo habari ya divai ya Kana, hutumia neno la Kiyunani lenye maana ya ishara. Ishara ni kama kibao cha njiani: msafiri hakikumbatii kibao, hutazama kinakoelekeza.

Nasema haya kwa sababu mimi mwenyewe nililitumia neno hili vibaya. Miaka kadhaa iliyopita mtoto mmoja wa parishi yetu alipona malaria iliyokuwa imempanda kichwani. Jumapili nikatangaza mimbarani, "Ni muujiza, kwa kuwa wazazi wake waliomba kwa imani!" Watu wakapiga makofi.

Baada ya ibada mama mmoja aliningoja mlangoni. Mtoto wake alikuwa amelazwa katika wodi ile ile, juma lile lile, na Alhamisi tulikuwa tumemzika. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mchungaji, kwani mimi sikuomba?"

Nilikuwa nimesoma chuo cha theolojia, na Kiyunani kidogo nakijua. Sikuwa na jibu. Nilimwomba anisamehe, tukaketi pamoja kwenye benchi la nyuma mpaka mtunza kanisa alipokuja na funguo zake.

Hata leo, mgonjwa akipona, namshukuru Mungu mbele ya watu wote, na daktari na muuguzi nawataja pia. Lile neno "kwa kuwa" siliongezi.

Jioni hii, ukipata nafasi, fungua Yohana mlango wa 11, usome polepole pale Bwana alipolia machozi kabla hajamwita Lazaro.