Safari ya Wawili: Kutoka Mpanda Mpaka Milimani kwa Gari la Moshi

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa ni anasa, nalo ni mume na mke kusafiri pamoja kwa mapumziko. Desturi yetu ni kusafiri kwa msiba, kwa arusi, kwa ugonjwa au kwa biashara. Kufunga mizigo bila ya kuitwa na mtu, kwa nia ya kutazama milima na kupumzika tu, ni jambo geni kwetu. Mimi nililijaribu mara moja nikaliharibu, na sasa nalitengeneza mara ya pili. Ndiyo maana nadhani nina neno la kuwaambia.

Sisi wa Mpanda tunakaa mwisho wa reli. Tawi letu, ambalo urefu wake ni kilomita 210 tangu Kaliua, lilijengwa katika miaka ya mwisho ya 1940 kwa ajili ya kuchukua madini ya risasi, likafunguliwa mwaka 1950. Mgodi ule mkubwa ulifungwa baadaye, bali reli ilibaki, ikawa ya watu na mazao yao. Huko Kaliua tawi letu huungana na reli ya kati, ambayo Wadachi walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma mwaka 1914. Basi mtu wa Mpanda atakaye kuiona miji ya milimani kwa reli hana budi kwenda mashariki: apite misitu ya miombo, auvuke mto Ugalla, afike Kaliua, kisha Tabora, kisha Dodoma, ndipo milima ya Uluguru imtokee mbele yake Morogoro.

Sasa nitawaeleza kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilitaka kumfurahisha mke wangu, aliyenivumilia tangu ujana wetu. Niliketi peke yangu usiku, nikachukua karatasi, nikaandika miji minne katika siku saba. Asubuhi nikamwambia, “Jitayarishe, Jumamosi tunaondoka.” Akashukuru, akajitayarisha. Nami nikaenda kununua tikiti za daraja la pili bila ya kuuliza neno.

Katika magari ya reli ya zamani, chumba cha kulala cha daraja la pili huwa na vitanda sita, nayo desturi ni wanaume kulala kwao na wanawake kwao, ila watu wakinunua chumba kizima. Sikulijua hilo. Basi mimi nililala na wanaume watano, naye akalala na wanawake watano. Safari yote tukawa watu wa kuonana penye ujia, kupeana karanga na mayai ya kuchemsha, na kuagana tena. Tena sikuweka hata siku moja ya akiba, na safari ndefu haikosi kuchelewa. Tulipofika Morogoro siku zilikuwa zimekwisha. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu tangu kilele mpaka kiunoni. Mke wangu akautazama kutoka stesheni, kisha tukageuka kurudi.

Nyumbani hakunigombeza. Alisema maneno machache tu: “Baba watoto, ulinisafirisha, hukusafiri nami.” Maneno hayo nimekaa nayo muda mrefu. Niliona kwamba hayakuwa maneno ya safari ile peke yake. Shamba nililinunua bila ya kumwuliza, na shule za watoto nilizichagua vivyo hivyo. Yeye alikuwa mtu wa kupewa habari wakati shauri limekwisha kukatwa.

Kwa hiyo mwaka huu nilileta karatasi ile mezani ikiwa tupu, na kalamu nikampa yeye. Haya ndiyo tuliyoyashauriana, nami nayasema ili yamfae mwingine.

La kwanza ni majira. Kwetu mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba, huendelea mpaka Aprili. Reli ya kati ina mahali ambapo maji huishinda, hasa kati ya Kilosa na Gulwe; mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliiharibu reli huko, safari zikakatika. Basi tulichagua mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi. Lakini Julai ni baridi milimani, kwa hiyo mke wangu aliandika sweta mbili na blanketi kabla hajaandika jina la mji wowote.

La pili ni siku. Gari la moshi la Mpanda haliondoki kila siku, na siku zake hubadilika. Mtu asitegemee habari za jirani aliyesafiri mwaka jana, bali aende stesheni mwenyewe, aulize siku ya kwenda na siku ya kurudi, ndipo atoe fedha. Sisi tumeweka siku ya kupumzika Tabora na siku mbili za akiba. Mwenye siku ya akiba gari likichelewa hupata nafasi ya kuzungumza. Asiye nayo hupata ugomvi.

La tatu ni kulala. Tumeweka fedha za chumba kizima, au, chumba kisipopatikana, tutakaa pamoja katika daraja la tatu mpaka Tabora. Shauri hilo la pili ni lake. Alisema kwamba mgongo utauma siku mbili, bali masikitiko ya safari ile yamemwuma miaka.

La nne ni mabadiliko ya njia. Tangu mwaka 2024 gari jipya la umeme huenda kati ya Dodoma na Dar es Salaam kupitia Morogoro, nalo laweza kukimbia kilomita 160 kwa saa moja. Lakini reli yake ni pana kuliko yetu, na stesheni zake si zile za zamani. Basi msafiri atokaye Tabora ajue kwamba atashuka Dodoma stesheni ya zamani, na itampasa kuchukua gari mpaka stesheni mpya. Vivyo hivyo Morogoro, stesheni mpya iko mbali na mji. Nauli za kuhama huku na huku ziandikwe katika hesabu, maana hizo ndizo zinazotoboa mfuko.

La tano, na ndilo lililotuchukua jioni tatu, ni miji gani. Mimi nilitaka Morogoro, kisha Lushoto, kisha Moshi. Kutoka Dar es Salaam gari la kaskazini hupita Korogwe. Hapo mtu hushuka, akapanda gari la barabara mpaka Mombo, na kuipanda milima ya Usambara mpaka Lushoto, mji wa baridi, wenye mboga na matunda tele. Kisha angeweza kurudi relini na kufika Moshi, chini ya Kilimanjaro, mlima wenye mita 5,895.

Mke wangu aliisoma orodha ile, akaufuta Moshi. Nikamwuliza, “Mwenzangu, utaiacha Kilimanjaro?” Akanijibu, “Wewe wataka Kilimanjaro upate kuwasimulia wenzako barazani. Mimi nataka siku nne pale Morogoro, mawingu yakiufunika mlima leo, niungoje mpaka kesho.” Nilinyamaza, kwa kuwa alisema kweli. Tukaziweka siku nne Morogoro, ambapo mtu mwenye miguu mizima aweza kupanda taratibu mpaka Morningside, penye nyumba ya zamani ya Wadachi, na mwenye miguu michovu aweza kuutazama mlima akiwa kitini. Kisha siku tatu Lushoto. Basi. Moshi utatungoja, Mungu akipenda.

Wasikilizaji, huenda mtu akasema kwamba haya yote ni ya wenye fedha. Sivyo. Asiyeweza kwenda Morogoro aweza kwenda Tabora na kurudi, au kufika Sitalike, si mbali na Mpanda, akawatazama viboko pamoja na mkewe mchana mmoja. Jambo si urefu wa njia. Shauri la safari likikatwa na mmoja, mwenzake huwa ni mzigo miongoni mwa mizigo. Likikatwa na wawili, safari huanza siku ile ile kalamu iliposhikwa.

Sisi hatujaondoka bado. Karatasi yetu imekunjwa, imewekwa katika sanduku la mke wangu, na kila nikitaka kubadili neno yanipasa kumwomba.