Maji ya Rangi Yasiishie Mikokoni



Mada ya leo ni maji yanayobaki baada ya kutia vitambaa rangi. Yakimwagwa mferejini, mvua huyasukuma hadi baharini. Rangi ikizidi majini huziba mwanga wa jua unaohitajiwa na nyasi za bahari, na ni katika nyasi hizo na mikokoni ambamo samaki wadogo na kamba hukulia. Mikoko yenyewe pia ina kipato. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, huuza hewa ya kaboni kutokana na hekta 117 za mikoko, na mapato yake yamesaidia maji na shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni.

Wanasayansi wana njia ya kuondoa rangi majini kwa chembe ndogo mno za metali kama fedha, shaba au chuma. Hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Metali ikisagwa hivyo, sehemu kubwa yake hugusana na maji. Kisha hutiwa kemikali yenye elektroni za kutoa, kama sodiamu borohidridi. Chembe huzipokea elektroni na kuzipitisha kwa rangi, kifungo kinachoipa rangi sura yake hukatika, na maji huwa meupe. Chembe zenyewe haziishi. Zikikusanywa, hutumika tena.

Lakini maji meupe si lazima yawe salama. Rangi nyingi za viwandani ni za aina ya azo. Zikivunjwa huacha kemikali ziitwazo amini, na baadhi yake husababisha saratani. Fedha na shaba zikivuja hudhuru viumbe wa majini. Ndiyo maana chembe hushikizwa kwenye kitu kinachoweza kuvutwa kwa sumaku, na maji hupitishwa hatua nyingine ya kuyasafisha. Hiyo ni kazi ya maabara na kiwanda, si ya uani.

Kwa anayetengeneza batiki nyumbani, kinga ni bora. Apime rangi isizidi, maji yaliyobaki ayatumie tena kwa kitambaa kingine, na asiyamwage mferejini, karibu na kisima wala ufuoni. Kanuni za Ubora wa Maji zinahitaji leseni ya NEMA kabla ya kumwaga majitaka kwenye mazingira.

Na akija mtu kuuza dawa ya kufanya maji yawe meupe, aulizwe mambo mawili: rangi imegeuka kuwa nini, na chembe zimebaki wapi?