Nafasi ya Uongozi kwa Wanafunzi wa Skuli za Msingi

(Maandishi ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali, walimu, Kamati za Skuli na wananchi wa Unguja na Pemba)





Tarehe 23 Septemba, 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Rais wa Kwanza wa Zanzibar, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume, alitangaza elimu bila ya malipo. Kwa tangazo hilo mtoto wa mkulima, wa mvuvi na wa mchukuzi alifunguliwa mlango uliokuwa mzito kwa wazee wake. Suala lililo mbele ya mkutano huu linaanzia pale mtoto anapokwisha kuuvuka mlango huo. Je, kazi yake ndani ya skuli ni kusikiliza tu, au naye asikilizwe?

Hali ilivyo

Skuli za msingi zina viongozi wanafunzi tangu zamani. Wapo viranja na wapo wasimamizi wa madarasa. Hupiga kengele, hupanga mistari, hukusanya madaftari na huandika majina ya waliopiga kelele. Kazi hizo zina faida, na hapana anayezibeza. Lakini ukizitazama kwa makini, zote huelekea upande mmoja: hupeleka amri ya mwalimu kwa watoto. Ni chache mno zinazorejesha neno la watoto kwa mwalimu. Kiranja wa namna hiyo ni mkono wa ofisi. Bado hajawa mdomo wa wenzake.

Hasara ya jambo hili huonekana katika mambo madogo. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mfereji ukiharibika upande wa vyoo vya wasichana, wa kwanza kujua ni mtoto wa kike wa darasa la tano au la sita, na huenda wa mwisho kujua ni ofisi. Mtoto huyo asipokuwa na pa kulipeleka neno lake, hulitatua kwa njia aliyonayo: hubakia nyumbani. Mwalimu huandika "hayupo" katika daftari la mahudhurio, mzazi hudhani mwana ni mvivu, na mfereji hubakia vile vile.

Yapo na mazito zaidi. Mtoto anayeonewa na wakubwa njiani, anayenyang'anywa pesa yake ya chakula au anayeguswa na mtu mzima kwa namna isiyofaa, mara nyingi humwambia mwenzake kabla ya kumwambia mzazi. Ikiwa mwenzake huyo hajui pa kuipeleka siri ile, watoto wawili watabeba mzigo ambao hata mtu mzima ungemlemea.

Sheria inavyosema

Kumsikiliza mtoto si hisani ya mkubwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto uliopitishwa mwaka 1989, na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaeleza katika kifungu chake cha 12 kuwa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yote yanayomhusu, nayo yapewe uzito kwa kadiri ya umri na upeo wake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 nao unaelekea huko huko. Hapa Zanzibar, Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka 2011, imeitambua haki ya mtoto kushiriki na kutoa maoni, na Mabaraza ya Watoto yameundwa katika shehia. Mtoto aliyekwishazoea kusema katika baraza la shehia hapaswi kuwa bubu akiingia skuli.

Afrika nayo ina kumbukumbu yake. Tarehe 16 Juni, 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika ya Kusini, waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana. Walijibiwa kwa risasi, na wengi waliuawa. Tangu mwaka 1991 siku hiyo huadhimishwa kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Miongoni mwa mafunzo yake ni kwamba watoto wakinyimwa mlango wa kusemea ndani, neno lao hutokea barabarani.

Hofu ya wazee

Wapo wazazi na walimu wenye hofu kuwa mtoto akipewa nafasi ya kusema atakosa adabu. Hofu hiyo yatoka kwa watu wanaojali malezi, nayo yastahiki jawabu. Adabu haimo katika kunyamaza peke yake. Imo pia katika namna ya kusema. Mtoto anayefundishwa kusimama, kuomba ruhusa, kueleza jambo bila ya matusi, kumngoja mwenzake amalize na kukubali akishindwa kwa hoja, huyo amefunzwa adabu zaidi ya yule aliyezoea kunung'unika pembeni. Samaki mkunje angali mbichi. Raia wa Zanzibar hupiga kura akifika umri wa miaka 18. Hatajifunza siku ile moja kuchagua, kushindwa na kushirikiana na aliyemshinda.

Nchini India, katika jimbo la Rajasthan, skuli za usiku za Tilonia zilianzisha bunge la watoto mwaka 1993. Wanafunzi wake wengi walikuwa wakichunga mifugo mchana na kusoma usiku. Walichagua wabunge wao kwa kura, na viongozi hao wadogo wakafuatilia mambo ya skuli zao. Kama mtoto wa machungani aliweza, wa Makunduchi na wa Micheweni ataweza.

Utaratibu unaofaa

Ili nafasi hizi zisiwe za jina tu, yafaa kila skuli izingatie haya:

(a) Kila darasa lichague wawakilishi wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, kwa kura ya siri. Kwa wadogo wasioandika vizuri, mikebe yenye picha na kokoto moja kwa kila mpiga kura yatosha.

(b) Muhula wa uongozi uwe mfupi, ili wengi wapate zamu. Asichaguliwe tu yule anayeongoza katika mitihani, na watoto wenye ulemavu wasiachwe nyuma. Skuli yenye mikondo miwili iwe na wawakilishi wa asubuhi na wa mchana.

(c) Baraza la wanafunzi likutane na Mwalimu Mkuu kwa siku maalumu inayojulikana, na kila hoja iandikwe katika daftari pamoja na jawabu lake. Jawabu la "haiwezekani" ni halali, mradi sababu itolewe.

(d) Kiongozi mwanafunzi asipewe bakora wala mamlaka ya kuadhibu wenzake, wala asifanywe mtumishi wa walimu.

(e) Mambo ya siri na ya udhalilishaji yasijadiliwe barazani. Watoto wafundishwe kuyapeleka kwa mwalimu wa ushauri nasaha au mtu mzima wanayemuamini, naye ayafikishe kwa Ofisa wa Ustawi wa Jamii au Polisi bila ya kuchelewa.

(f) Kamati ya Skuli isikilize taarifa ya wanafunzi kabla ya kupanga matumizi ya fedha za matengenezo.

Wajibu wa watumishi

Ndugu Watumishi, utaratibu huu hauhitaji jengo jipya wala fungu kubwa la fedha. Unahitaji daftari, saa moja na mtu mzima aliye tayari kuambiwa asilolipenda. Hapo ndipo penye uzito. Mtoto akisema mara ya kwanza akapuuzwa, na ya pili akakemewa, hatasema mara ya tatu. Na siku atakapokuwa na neno la kumwokoa yeye au mwenzake, atalimeza.

Kwa hivyo Ofisa wa Elimu anapokagua skuli, pamoja na kutazama maandalio ya masomo, aombe pia daftari la baraza la wanafunzi. Sheha naye awaulize wawakilishi hao hali ya njia wanazopita. Mzazi amuulize mwanawe, baada ya kumuuliza alichofundishwa, naye alisema nini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Aghalabu mtoto ndiye anayeuona ufa mwanzo, kwa kuwa ndiye anayekaa karibu nao.