Hotuba ya Mgeni Rasmi Katika Kufunga Mafunzo ya Wasaidizi wa Kisheria, Kata ya Mfaranyaki, Songea



Nimeombwa nizungumzie haki za wanawake. Nitalisema lile tunalolinong'ona: mimba zinazotolewa kwa siri, na mabinti tunaowazika kwa sababu hiyo.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria miaka 14 jela, na mwanamke mwenyewe miaka 7. Hayo mtaani yanajulikana. Kisichojulikana ni kifungu cha 230: daktari anayempasua mama kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa uhai wake hana kosa. Wala kumtibu anayevuja damu si kosa, iwe mimba imetoka yenyewe au imetolewa.

Lakini binti ameshalowesha kanga ya pili, na shangazi anamwambia, "Lala tu, itakata. Ukienda hospitali utafungwa." Bodaboda inakuja kutafutwa usiku wa manane, mgonjwa hawezi tena kukaa. Hofu hiyo inaua.

Vifungu hivi tulivirithi kwa Mwingereza, na yeye kwake alilegeza masharti mwaka 1967. Jirani zetu Rwanda, mwaka 2018, waliondoa sharti la aliyebakwa kwenda kwanza mahakamani kuomba amri ya kutolewa mimba. Sisi tuliridhia Itifaki ya Maputo, ile ya haki za wanawake Afrika, mwaka 2007. Ibara yake ya 14, inayotaka utoaji mimba uruhusiwe, inamtaja aliyebakwa, aliyepewa mimba na ndugu wa damu, na ambaye afya yake iko hatarini. Kanuni yetu ya Adhabu haijawataja hadi leo. Kwa maoni yangu, hilo ni deni, na Bunge ndilo lenye kulilipa.

Mashehe na wachungaji, najua wengi wenu hamkubali mimba itolewe, nami nawaheshimu. Ila katika kumkimbiza hospitali anayekufa, sote ni wamoja. Lisemeni hilo msikitini na kanisani.

Ninyi wahitimu, kifungu cha 230 kisomeni kwenye vikoba, sokoni na misibani. Mkimkuta binti anavuja damu, msimhoji ameitoaje. Mwahisheni hospitali.

Baada ya kusema hayo, natamka kuwa mafunzo haya yamefungwa rasmi.