Tundu Kwanza: Kurekebisha Ribiti Mbovu kwenye Ndege ya Kujijengea

Wadogo zangu mafundi,

Fundi wa mbabula katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, akikosea ribiti anaikata kwa tindo, anapiga nyingine pembeni, na jioni bukari inapikwa. Mikono ya wengi wenu imelelewa katika kazi hiyo ya bati. Naiheshimu, maana ndiko nilikoanza. Lakini bati la ndege halikubali tindo, na leo nataka tuelewane kwa nini.

Ndege ya kujijengea si ndoto ya mbali na sisi. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha Sling 4, ndege ya viti vinne iliyowafikia ikiwa vipande vipande, kwa wiki tatu tu, na marubani wa rika lao wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo. Ndege hiyo hufungwa hasa kwa ribiti za kuvuta, zinazobanwa kutoka upande mmoja. Ndege nyingine, kama nyingi za kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, hufungwa kwa ribiti nzima: mmoja anapiga kwa nyundo ya upepo, mwenzake anashika chuma kizito upande wa pili. Makosa mengi huzaliwa hapo, baina ya watu wawili wasioonana.

Chukueni ribiti ya milimita 3.2. Kabla ya kupigwa, mguu wake utokeze nje ya bati mara moja na nusu ya unene wake, yaani milimita 4.8. Ikishapigwa, kichwa kipya kiwe na upana huohuo wa 4.8 na kimo cha 1.6. Kikiwa bapa kuliko hapo, imepigwa kupita kiasi. Kikilala upande, chuma cha nyuma kilishikwa kombo au mguu ulikuwa mrefu mno. Kikiwa kirefu bado, msiking'oe, kipigeni tena kidogo.

Hapa ndipo ninapopingana na mafundi wengi ninaowaheshimu: ribiti iliyokosea kidogo, iacheni. Kila mnayoing'oa inaweza kuacha tundu pana kuliko lile mlilolikuta, na ribiti mpya imo koponi, ila tundu jipya mahali palepale hamlipati. Niliwahi kuona aibu kwa kichwa kimoja kilichoinama kidogo sana. Nikakitoa, nikapiga, kikainama tena. Mara ya tatu tundu lilikuwa na umbo la tarakimu 8, na ubavu mzima ukabidi ubadilishwe. Ribiti ile ya kwanza ingebeba mzigo wake bila taabu.

Ikiwa ni lazima itoke, fanyeni polepole. Ribiti za kawaida za ndege zina kidoti katikati ya kichwa cha kiwandani. Kiongoze biti ya keekee hapo, biti isiyozidi unene wa mguu, na mtoboe kina cha kichwa tu, msifike kwenye bati. Ingizeni pini ya chuma ndani ya kitobo hicho, mwiinamishe pembeni, na kichwa kitakatika. Kisha egemezeni bati kwa ubao wenye tundu, msukume mguu utoke kwa kugonga taratibu. Kwa ribiti ya kuvuta, ule msumari wa chuma uliobaki ndani utoke kwanza, kwa sababu biti ikiupanda huteleza na kuchimba kando.

Tundu likishapanuka, wengi hukimbilia ribiti nene zaidi. Pimeni ukingo kwanza. Kutoka kitovu cha tundu hadi mwisho wa bati panatakiwa angalau mara mbili ya unene wa ribiti. Ya 3.2 inadai milimita 6.4, ya 4 inadai 8. Nimeona watu wakiponya tundu na kuua ukingo. Kwa ribiti za kuzama, zile ambazo kichwa chake hulala sawa na uso wa bati, zipo zenye mguu mnene na kichwa kidogo, zilizotengenezwa kwa ajili ya kosa hili hasa. Wekeni akiba yake tangu siku ya kwanza.

Anayedhani nalitukuza tundu kupita kiasi aangalie yaliyoipata Van's mwaka 2023. Baadhi ya vipande vyake vilikuwa na matundu yaliyokatwa kwa leza, na kingo zake zikaanza kupasuka zilipobonyezwa kupokea ribiti za kuzama. Vipande vingi vikahitaji kubadilishwa, na Desemba mwaka huo kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Na sisi wa Lubumbashi, mji wa shaba, tuna jambo letu hapa. Aloi ya alumini yenye namba 2024, inayotumika sana kwa bati za ndege, ina shaba kati ya asilimia 3.8 na 4.9. Ribiti ya aloi namba 2117 ina kati ya 2.2 na 3. Shaba hiyo ndiyo inayoipa alumini nguvu, na ndiyo pia inayoifanya iliwe na kutu upesi, hivyo bati hufunikwa kwa ngozi nyembamba ya alumini safi. Keekee ikiteleza, ngozi hiyo imechanika. Mkwaruzo ulainishwe, upakwe rangi ya kinga siku hiyohiyo, kabla mvua za Novemba hazijaukuta.

Mezani kila mmoja ana kipande chenye ribiti kumi, na baadhi nilizipiga vibaya kwa makusudi. Saa ya kwanza keekee zitabaki kabatini. Pimeni, mwandike kando ya kila ribiti: inakaa au inatoka, na kwa nini.