Nani Kanyang'anywa Kauli? Usemi wa Mhusika Mwenye Ulemavu wa Akili katika Filamu za Kuliza



Filamu zinazokusudia kumliza mtazamaji humpamba mhusika mwenye ulemavu wa akili kwa sifa njema: ni mpole, mkweli, hana hila. Mimi, kwa kuwa ni mwanaisimu, nina swali dogo tu: inapofika saa ya kujieleza, mhusika huyu huachiwa aseme nini?

Tuitazame I Am Sam ya mwaka 2001. Sam, baba mwenye ulemavu huo, yuko mahakamani akipigania kukaa na bintiye. Anapofikia kueleza maana ya kuwa mzazi, anatumia maneno ya Kramer vs. Kramer, filamu ya mwaka 1979. Kilele cha kisa chake kinasimama juu ya ulimi wa kuazima. Katika Forrest Gump (1994) mhusika mkuu ndiye msimulizi, jambo adimu na la kusifiwa. Lakini anapopanda jukwaani Washington kuwaeleza waandamanaji habari za vita vya Vietnam, nyaya za mitambo ya sauti zinang'olewa. Midomo inacheza, nasi hatusikii. Amepewa zaidi ya saa mbili za visa, akanyimwa dakika moja ya hoja.

Mfano mzito zaidi ni Rain Man (1988). Tutahadhari hapa: Raymond ana usonji, na usonji si ulemavu wa akili, ingawa wengi huvichanganya. Daktari anamwuliza kama anataka kukaa na nduguye. Anaitika ndiyo. Anamwuliza kama anataka kurudi katika taasisi alikokuwa akiishi. Anaitika ndiyo vilevile. Nasi tunatakiwa tuhitimishe kwamba hana utashi. Kipragmatiki, hitimisho hilo ni dhaifu mno. Swali la ndiyo au siyo, likitoka kwa mwenye mamlaka, mara nyingi hubeba jibu lake ndani. Wangapi kati yetu wamekwisha kuitika ndiyo mbele ya afisa bila kuelewa alichouliza, wala wasipelekwe kokote! Hakuna anayemwuliza Raymond kwa njia nyingine: kwa picha, kwa kumpa muda, kwa kumsimulia siku yake itakavyokuwa huku na itakavyokuwa kule. Kasoro ya swali imeandikwa katika hesabu ya mjibuji, na Raymond anapandishwa treni.

Dustin Hoffman na Tom Hanks, wasio na ulemavu huo, walipata tuzo ya Oscar kwa nafasi hizo mbili. Ubelgiji ilitupa Le Huitième Jour (1996), ambamo Pascal Duquenne, mwenye sindromu ya Down, aliigiza mwenyewe. Huko Cannes aligawana tuzo ya mwigizaji bora na Daniel Auteuil. Sauti, pumzi na vituo vya usemi ule ni vyake. Hata hivyo, mwishoni mhusika wake anajirusha kutoka juu ya jengo, na anayebaki hai, tena akiwa amepona moyo, ni rafikiye mfanyabiashara.