Kijana na Akaunti Yake



Mwaka 2013 askari wa Tanzania walisimama pamoja na wenzao wa Malawi na Afrika Kusini katika brigedi ya Umoja wa Mataifa huko mashariki ya Kongo. Vita vya huko vimewatoa watu wengi makwao, na baadhi yao wamefika Malawi, katika kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, kilomita kati ya 40 na 50 kutoka Lilongwe. Hapo zamani palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 ni makao ya wakimbizi, na sasa wamo zaidi ya 50,000. Kiswahili husikika humo kila siku. Leo twamtazama mwanafunzi wa huko, na swali linaloonekana dogo: fedha yake ya masomo aiweke wapi?

Mwezi Mei mwaka 2023 swali hilo lilipata jibu kali. Serikali ya Malawi, ambayo huwataka wakimbizi waishi kambini, ilikuwa imewaamuru waliokaa mijini warudi Dzaleka, na polisi pamoja na askari wakaitekeleza amri hiyo. Hatukusudii kuhukumu mambo ya jirani. Twasema tu kwamba mtu anapotakiwa kuondoka saa hiyo hiyo, fedha iliyofichwa chini ya godoro hubaki nyuma au hupotea njiani. Iliyo benki haipotei kwa safari ya mwenyewe.

Basi akaunti ichaguliwe vipi? Neno la kwanza ni makato. Akaunti inayokata ada kila mwezi yaweza kuimaliza akiba ya mwanafunzi kabla muhula haujaisha. Neno la pili ni umbali. Kabla ya mwaka 2020 benki moja ilifungua tawi ndani ya Dzaleka, na hilo si jambo dogo, kwani safari ya Lilongwe yataka nauli na ruhusa. Neno la tatu ni hati. Raia wa Malawi huonyesha kitambulisho cha taifa. Mkimbizi ana kitambulisho cha ukimbizi, naye aulize kwanza kama benki hiyo hukikubali. Kijana asiyetimiza miaka 18 huhitaji mzazi au mlezi wa kumtilia sahihi.

Hapo twawageukia ninyi wazazi wenye sare, mnaohamishwa leo huku na kesho kule, na watoto wenu wakibaki shuleni. Sahihi ya mzazi ni ulinzi wa fedha ya mtoto. Si ruhusa ya kuichota mfuko wa mzazi unapokauka. Mtoto akikuta akiba yake imechukuliwa mara moja, hataweka tena.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini tarehe 9 Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha: dola moja iliyokuwa kwa kwacha zipatazo 1,180 ikawa kwa 1,700. Aliyekuwa na kwacha 118,000, yaani dola 100, alibaki na dola 69 hivi, wala hakuibiwa. Kwa hiyo kijana na aweke benki ada ya muhula ulio mbele yake. Kinachozidi anunue mapema vitabu, sare na madaftari, kabla bei hazijapanda.

Jambo la mwisho lawahusu polisi kwa kazi yao. Wapo walaghai wanaomwendea mwanafunzi kwa maneno matamu, wakimwomba akaunti yake au laini yake ya simu ipitishe fedha, naye apewe kidogo. Fedha ile ni ya wizi, na jina litakaloonekana ni la mtoto. Kijana na afundishwe kwamba namba ya siri haiazimwi, hata kwa rafiki. Na askari atakayemhoji amsikilize kwanza, apate kumfikia mlaghai mwenyewe.

Ndugu wasikilizaji, kwa kijana aliyeacha nyumba na shamba nyuma yake, kitabu cha benki chenye jina lake ni mali ya kwanza aliyoichuma mwenyewe. Tumsaidie kuilinda.